Sanamu ya Kaburini Kwenye Kabati la Vioo

Sir aliporudi Dubai kutoka Misri alimletea madam, mkewe, gauni la hariri, na sebule akailetea sanamu. Ilikuwa ndogo, ya samawati, urefu wa kiganja, mikono imekunjwa kifuani na macho wazi. Aliiweka kwenye kabati la vioo akaniambia niwe naifuta vumbi taratibu, maana imetoka kaburini. Alisema hivyo kwa kujivuna, kama mtu aliyeleta maparachichi ya shambani kwake.

Nilikwenda kumuuliza dereva wetu, mtu wa Mombasa aliyependa hadithi kuliko chakula. Alikuwa jikoni akinywa chai.

"Hiyo wafalme walizikwa nayo, dada, iwatumikie huko waendako."

Nilicheka. Kumbe hata kuzimu wakubwa hawajifulii nguo! Yeye hakucheka.

"Vitu vya Firauni havichezewi. Waliofungua kaburi lake hawakudumu. Tajiri aliyegharamia kuchimba aliumwa na mbu shavuni, mbu tu, akafa. Na alipokata roho, taa za mji mzima zikazimika."

Kwetu bara hata blanketi la marehemu haliguswi mpaka wazee waseme. Mimi nilikuwa nafuta kitu cha maiti kila asubuhi, halafu mikono ileile inamshika mtoto wa madam. Nikaanza kufuta nikiwa nimegeuza uso. Mikono niliiosha mpaka ikapauka.

Hofu yangu kubwa ilikuwa juu ya huyo mtoto. Nilimpokea akiwa mchanga, sasa alikuwa anajifunza kutembea, na hakulala mpaka nimweke kifuani. Nilimpenda, basi. Hakuna aliyeniajiri nimpende, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki hiyohiyo akashikwa na homa. Daktari alisema ni homa ya kawaida ya watoto, itaisha, akatoa dawa ya maji. Ikashuka, ikapanda tena. Kisha, nikimbadilisha nguo, nikaona kidoa chekundu shavuni. Mbu! Nyumba imefungwa madirisha yote kwa sababu ya AC, mbu huyo ametokea wapi? Nikakaa sakafuni naye.

Mchana, Sir yuko kazini na madam amepumzika, nilitoa chupa ya mafuta ya upako niliyokuja nayo kutoka Kenya. Nikachukua na fulana ya mtoto, kwa sababu kanisani kwetu mgonjwa asipoweza kufika, nguo yake huletwa ikaombewa. Nilifungua kabati, nikaipaka sanamu mafuta kichwani, nikaanza kuikemea kwa lugha ya mama yangu. Nilianza kwa kunong'ona. Hofu ikapandisha sauti, chupa ikainama, mafuta yakaimwagikia fulana.

Nilipogeuka, madam alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni.

"Sihr," alisema. Uchawi.

Neno hilo tulilijua sote tuliofanya kazi za nyumbani Dubai. Tulisimuliana kwa simu habari za wasichana waliofungwa kwa sababu ya unywele wa madam uliokutwa chini ya mto wao wa kulalia. Nilipiga magoti.

"Wallahi, madam, namwombea! Ni maombi tu, madam!"

Mimi Mkristo, naapa wallahi. Hofu haina dini. Alininyang'anya fulana, akainusa, akaitupa. Kisha akampigia mumewe simu huku akilia.

Sir alikuja mbio. Alitazama sanamu inayong'aa mafuta, akanitazama mimi sakafuni, nikaona anaingiwa na haya. Kwa sauti ndogo alisema haikutoka kaburi lolote. Aliinunua kwenye duka la zawadi karibu na hoteli, na rafu nzima ilijaa nyingine kama hiyo.

"Khalas," akamwambia mkewe. "Hakuna kitu."

Polisi hawakuitwa, nami nilimshukuru Mungu kwa machozi. Homa ilikwisha kesho yake, kama daktari alivyosema. Lakini madam aliniita akaniambia nipike, nifue, nipige deki. Mtoto nisimguse tena. Akaletwa mwanamke mwingine wa kumlea.

Siku mwanamke huyo alipofika, mtoto alimponyoka akanifuata jikoni kwa hatua zake za kuyumba. Alisimama miguuni pangu, akainua mikono yote miwili abebwe. Madam alikuwa mlangoni, anatazama. Niliizamisha mikono yangu kwenye maji ya vyombo mpaka viwikoni nikaiacha humo, naye akaanza kulia.