Oili ya Gari la Mwalimu

Tangu asubuhi mume wangu alikuwa haketi. Alifuta spana ile ile mara tatu, akaja hadi barazani kwenye cherehani yangu kuniuliza kama nimemwita, akarudi gereji yake uani. Sikumwita. Nimeishi naye miaka ishirini na saba, na ninajua kwamba akiwa na jambo rohoni miguu ndiyo inayomsema.

Wateja humwita Daktari, kwa sababu huitegea injini sikio kabla hajagusa kitu. Mimi pia humwita Daktari, akichelewa kuja kula, ila kwa sauti nyingine.

Mezani kwake kulikuwa na madumu mawili ya oili. La kwanza lilikuwa na oili nzito, ya kizamani, yenye zinki nyingi, na alihangaika wiki tatu kuipata. La pili lilikuwa na oili nyepesi ya kisasa, safi utadhani ni ya kupikia. Hilo alilileta Mwalimu, mume wa wifi yangu na mwenye gari. "Shemeji, safari hii weka iliyo bora," alisema jana, akaondoka anacheka.

Gari lenyewe lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Injini imefumuliwa yote na kufungwa upya, na ndani yake mna kamshafti mpya, kile chuma chenye nundu kinachofungua valvu. Katika injini za zamani nundu hizo husuguana chuma kwa chuma, na zinki ndiyo inayozilinda. Dakika ishirini za kwanza ndizo huamua. Zikilika, zimelika.

Haya mume wangu anayajua kwa sababu aliwahi kuziua. Miaka sita iliyopita aliijenga injini hii hii, akaitia oili ya kisasa kwa mapenzi na majivuno, maana aliona gari la shemeji yake halistahili kitu cha kawaida. Mwezi haukuisha, injini ikaanza kugonga. Alipoifungua akaliona kosa lake, akafyata ulimi. Mwalimu akaamua mwenyewe kwamba ni mwanawe aliyelikimbiza gari hovyo, akamnyang'anya funguo mbele za watu. Kijana aliapa, hakuna aliyemsikiliza, na gari likaegeshwa hadi mwaka huu. Alihamia mji mwingine, na siku hizi tunamwona misibani tu. Mume wangu ni mjomba wake. Mimi nilielezwa kila kitu wakati ule ule, nikanyamaza, na kwa hilo sina cha kujitetea.

Sasa akiitia oili ya Mwalimu, injini itakufa tena. Akiikataa, ataulizwa kwa nini.

"Tia ile nzito, umwambie umetia yake," nilimwambia. Nilikuwa nimechoka kumwona akizunguka.

"Na oili ikichoka? Nikibadilisha oili, uongo nao niubadilishe?"

"Basi sema. La kuvunda halina ubani."

Alianza kufagia gereji ambayo alikuwa ameshaifagia, nami nikashona mkono wa gauni kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Mwalimu alifika saa nne, shati limenyooshwa kwa pasi, nami nikamfuata hadi mlangoni pa gereji. Akaliona dumu lake halijafunguliwa.

"Vipi Daktari, unaionea huruma?"

"Haifai, shemeji."

"Haifai vipi? Dukani wamesema hakuna inayoipita."

"Kwa gari jipya, sawa. Kwa hili ni sumu. Najua kwa sababu nilishaitia."

"Lini?"

"Mara ile ya kwanza."

Mwalimu amesahihisha hesabu za watoto wa watu miaka thelathini, kwa hiyo hii haikumchukua muda. Alikaa juu ya tairi, na lile shati lake safi.

"Kwa hiyo mwanangu..."

"Hakufanya kitu. Ni mimi. Niliona kosa siku ile ile, nikaona haya kusema. Nisamehe, shemeji."

Nilisimama na pini mdomoni nikingoja matusi. Nilitamani hata ampige, yaishe. Mwalimu alitazama mikono yake tu.

"Nilimwambia asiniite baba tena," alisema.

Hilo hatukulijua. Miaka sita nilikuwa najipoza kwamba ni funguo tu, watapatana.

Mwalimu aliichukua simu ya mume wangu mezani, akatafuta namba ya mwanawe, akamrudishia. "Mwambie wewe. Akisikia sauti yangu atakata."

Iliita muda mrefu. Mume wangu, aliyeshinda akitembea toka asubuhi, sasa alisimama wima bila kutikisika. Kisha simu ikapokelewa, na sauti ya mtu mzima ikasema, kwa adabu ile ile aliyolelewa nayo:

"Shikamoo, mjomba."

Mume wangu akairuka marahaba, akasema, "Ile injini niliiua mimi, si wewe."