Kadi ya Mwaka

Wakati ule, kati ya Manyoni na Nduguti, mtu aliyeweza kuiandikia kompyuta kazi na ikaifanya alikuwa mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi. Sisemi hivi kwa majivuno, ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi kutoka Uingereza na diploma, na diploma hiyo sikubebwa na mtu kuipata. Nilianza kwa kuchunga ng'ombe wa baba pale Issuna, nikasoma kwa njia ya posta nikiwa karani wa stesheni, nikaomba nafasi mwenyewe, nikaenda, nikafaulu. Nilirudi na suti ya sufu ambayo niliivaa hata mwezi wa Oktoba, jua la Singida likipasua watu midomo.

Nilipangiwa kazi mkoani kwangu, upande wa kilimo. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, katika chumba chenye ubaridi kuliko nyumba zote nilizowahi kuingia nchini. Mimi huku Singida mjini nilikuwa na meza, penseli na karatasi za miraba. Niliandika programu kwa mkono, karatasi zikaenda Dar kwa basi na treni. Kule akina dada walizitoboa kwenye kadi ngumu, kadi moja kwa kila mstari, kisha sanduku la kadi likarudi kwangu nilikague. Nikiridhika nalirudisha. Mashine ilikuwa na foleni ya ofisi nyingi, na sisi tulipewa zamu moja kwa msimu. Ukiiharibu zamu yako, unaomba.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mbegu. Mwaka uliotangulia watu wa sehemu zetu walihamia vijiji vya ujamaa kandokando ya barabara, wakaacha makao ya zamani porini. Kuhama kuliwakuta katikati ya kazi, na wengi hawakuweka mbegu za mtama. Walizitegemea za serikali. Programu yangu ilitakiwa kupanga lori lipeleke magunia mangapi, na katika kijiji gani. Karatasi itakayochapwa ingetoka Dar moja kwa moja hadi ghala la mbegu pale Manyoni, dereva akaifuata.

Mimi nilikuwa nimeshalitangaza jambo hili mbele ya mkutano wa kijiji Issuna. Nilisimama na suti yangu nikasema mwaka huu mbegu zitafika mapema, mashine haichoki wala haina ndugu. Watu walipiga makofi, mama akapiga vigelegele. Tangu siku ile usingizi ukanipungukia. Mbegu zisipofika, wale wote wangeitazama mvua ikinyesha wakiwa mikono mitupu, na wangejua nyumbani kwa nani pa kuuliza.

Hesabu za programu hazikunitia hofu. Hesabu nazijua. Kilichonitia hofu ni kadi chache zinazokaa mbele ya programu, kadi za maelekezo. Hizo hazihesabu chochote. Kazi yake ni kuiambia mashine iiungeje programu na iiendesheje: isome utepe upi, ichape kwenye karatasi ya upana gani, ifanye nini ikikuta kosa. Tulikuwa na tepe mbili za kumbukumbu kule Dar, mmoja wenye orodha ya makao ya zamani na mmoja wa vijiji vipya. Kadi ya mwaka ndiyo iliyochagua. Kadi moja tu, na juu yake matundu machache.

Chuoni tulifundishwa kujaribu kadi bila mashine: unajifanya wewe ndiye mashine, unafuata kadi moja baada ya nyingine kwa kidole. Nilifanya hivyo mezani kwangu mpaka nikaona sioni tena kilichoandikwa, naona ninachotaka kiwepo. Nikaamua niwatumie watu wasiojua ninachotaka. Jumapili moja, kanisa lilipotoka, nikafika nyumbani Issuna na kadi za manila nilizozikata mwenyewe na kuziandika kwa Kiswahili.

Nilipanga mawe uani. Mawe ya kushoto yalikuwa makao ya zamani, ya kulia vijiji vipya. Bakuli la mtama likawa ghala. Baba, aliyekuwa amemaliza madarasa ya kisomo na alipenda kusoma kila kitu kwa sauti, nikamfanya msomaji wa kadi. Mke wa kaka yangu nikamfanya mikono ya mashine: apokee kadi kwa baba, afanye kilichoandikwa, asubiri nyingine. Mama na kaka walikaa kando kutucheka.

"Shemeji," nilimwambia mke wa kaka, "kumbuka, mashine haiulizi maswali. Kadi ikisema peleka, unapeleka."

"Haya, shemeji. Siulizi."

Jaribio la kwanza tulilifanya na kadi ya mwaka jana, na mimi mwenyewe nilimpa shemeji kadi. Alipeleka mtama kwenye mawe ya kushoto, bila kosa. Nikafurahi. Jaribio la pili lilikuwa lenyewe hasa: kadi ya mwaka huu mbele, vijiji vinafuata, baba akisoma. Niliwapa kisogo nikaenda kunywa uji, maana nilitaka waendeshe bila mimi.

Niliporudi, mawe ya kulia hayakuwa na punje hata moja. Mtama wote ulikuwa kushoto.

Kaka alikuwa amejishika mbavu. "Msomi! Kule si tulishahama? Nani atapokea, vichuguu?"

"Mwanangu," mama akasema, "mashine yako imewapelekea fisi mbegu."

Mimi sikucheka. Nilihisi jasho likishuka ndani ya suti. "Shemeji, hukuisoma kadi ya mwaka?"

"Nimeisoma," alisema, akiangalia chini. "Nimeifikia mwisho kabisa. Nilipoifikia, mtama umeshakwisha."

"Na kabla hujaifikia, kwa nini ulipeleka kushoto?"

"Ndiko tulikopeleka mara ya kwanza. Na wewe umesema nisiulize."

Nilimwomba baba waanze upya nikiwatazama, na hapo nikaona. Kwetu mke wa mwana hapokei kitu kutoka mkononi mwa baba mkwe. Nililijua hilo tangu utotoni, na Uingereza ilikuwa imelifuta kichwani mwangu. Baba alisoma kadi, akaiweka juu ya kigoda, akasoma ya pili, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Alikuwa na furaha ya kusoma, hakumsubiri mtu. Shemeji naye alingoja mpaka mkwewe amalize na kugeuka pembeni, ndipo akasogea kwa heshima kuchukua kadi, na akaichukua ya juu. Rundo lote likaenda kinyumenyume. Kadi ya maelekezo, ya kwanza kusomwa, ikawa ya mwisho kutendwa.

"Sasa amekosea nani hapo?" baba aliuliza kwa ukali kidogo. "Ulitaka nimtupie mke wa mwanangu kadi usoni?"

"Hapana, baba. Hakuna aliyekosea."

Wangekuwa watu wengine, jambo lingeishia kwenye kicheko. Lakini macho yangu yalikuwa yamefunzwa, na yaliona kilichokuwa pale. Kadi kugeuka lilikuwa jambo la kawaida, hata kule Dar zingeweza kugeuka. Jambo baya ni kwamba zilipogeuka, kazi iliendelea kimya kimya hadi mwisho, safi, bila mtu kulalamika. Programu yangu halisi ilikuwa hivyohivyo. Niliipanga kwamba isipoambiwa mwaka, isome utepe wowote uliofungwa kwenye mashine. Niliona ni urahisi. Sasa niliuona ule urahisi ukipakia magunia ya mbegu kwenye lori na kuyapeleka porini.

Niliondoka Issuna kabla chakula hakijaiva, mama akinung'unika. Mjini nilibadilisha maelekezo: kama kadi ya mwaka haijaonekana kwanza, mashine isimame, isichape kitu. Kisha nikaenda kumweleza mkuu wangu, mzee mmoja mpole aliyeogopa simu.

"Kijana," alisema, "unataka kunipa mashine inayogoma?"

"Ndiyo, mzee. Heri ikose kazi kuliko kufanya kazi ya uongo."

"Na ikigoma, mbegu nizipeleke kwa kitu gani? Kwa diploma yako?"

Alitia sahihi hata hivyo. Sanduku likapanda basi kwenda Manyoni, likaingia treni, likatoka mikononi mwangu.

Hapo ndipo nilipojua hofu ni nini. Kabla ya kubadilisha, niliogopa kwamba lori litakwenda mahali pasipo na watu. Sasa niliogopa kwamba halitatoka kabisa, na sababu ingekuwa kadi niliyoiweka kwa mkono wangu mwenyewe. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki, kila alasiri mazito kuliko jana. Watu wa Issuna waliokuja mnadani mjini waliniamkia, na waliponiamkia walitazama juu kwanza, kisha wakanitazama mimi.

"Mbegu, mwalimu?" Waliniita mwalimu ingawa sikufundisha.

"Ziko njiani," nilisema, nikijua sijui.

Kisha simu ya maandishi ikafika kutoka Dar: MASHINE IMEGOMA. INASEMA HAIKUONA KADI YA MWAKA. Niliketi kwenye ngazi za posta. Mkuu wangu alisoma karatasi ile mara mbili, akanirudishia.

Nilijibu siku hiyohiyo: KADI ZA MAELEKEZO ZITANGULIE. TAFADHALI ANGALIENI SANDUKU. NI UTEPE GANI ULIOFUNGWA? Jibu lilichelewa, na kabla halijaja mvua ya kwanza ikapiga mabati ya mji, fupi, yenye vumbi. Niliisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Kesho yake jibu likaja. Sanduku lilifunguliwa upande wa chini, kadi zikaingia mashineni kinyume. Utepe uliokuwa umefungwa ulikuwa wa makao ya zamani. Walituombea nafasi kwenye zamu ya watu wengine, programu ikaenda, karatasi imeshatumwa Manyoni.

Nilimpelekea mkuu. Alivua miwani.

"Kwa hiyo isingegoma..."

"Mbegu zingekuwa porini, mzee."

"Bado sijaliona lori," alisema, na hakukosea.

Nilishuka Mkiwa nikangoja njia panda, maana lori likitoka Manyoni lazima lipite pale. Likinyoosha, linakwenda Issuna na vijiji vipya. Likikata kushoto kufuata barabara ya Itigi, linakwenda makao ya zamani. Kaka yangu alikuja kunisindikiza, kwa sababu, alisema, hataki kukosa siku ambayo msomi atalia. Tulikaa karibu na akina mama wanaouza asali na kuku. Ardhi iliyoloweshwa na ile mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kukauka juu.

Alasiri lori likaja, magunia juu, turubai limefungwa. Likapunguza mwendo, taa ya kushoto ikawaka, na magurudumu ya mbele yakaanza kuelekea Itigi. Nilikimbia. Na suti nilikimbia, nikapiga bati la mlango kwa kiganja.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Toka, utaumia!" dereva alifoka. "Mbegu si za kule porini? Mwaka jana nilipeleka kule."

"Soma karatasi!"

"Karatasi ninayo, baba. Njia naijua."

"Nimesema soma!"

Kaka akaingia mbele ya lori, akakaa chini barabarani, akaninyooshea kidole na kumwambia dereva: "Msomee tu. Huyu ndiye aliyeandika, na ana wazimu."

Dereva akazima injini. Akaitoa karatasi chini ya kiti, ndefu, imekunjwa kama shuka, akafuata kwa kidole. Niliona midomo yake ikitamka Issuna, kisha vijiji vingine vya barabarani, vyote vipya, vimechapwa kwa herufi kubwa. Akakohoa.

"Wamebadilisha," alisema.

"Nimebadilisha mimi."

Akarudi nyuma taratibu, akanyoosha. Mimi na kaka tulipanda juu ya magunia. Issuna watu walikuwa mashambani tayari, majembe mkononi, wale waliokuwa na akiba yao wamekwisha kupanda. Wasiokuwa nayo walikuja mbio lori lilipopiga honi, na hadi giza linaingia walikuwa wamebeba fungu lao. Mtama wao ulitoka nyuma ya wa majirani, mfupi na wa kijani hafifu, lakini ulitoka, na mwaka ule walivuna.