Zahanati ya Mwisho Kwenye Orodha

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nirudi nyumbani nikachukue sweta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika kampuni moja ya kusambaza dawa kule Eneo la Viwanda, na mimi, Mumbua, binti wa karani wa reli wa mtaa wa Kaloleni, nilikuwa nimevaa gauni jipya la mikono mifupi. Sikujua kwamba kompyuta haivumilii joto. Chumba chake kilipozwa kutwa nzima, na mashine yenyewe ilikuwa ndefu kama safu ya makabati. Msimamizi wa Chumba cha Kadi, mama asiyecheka ovyo, aliniangalia mikono.

"Hapa utaganda, dada. Nenda, nitakungoja."

Nilikwenda kwa miguu, nikarudi mbio, na alikuwa amesimama mlangoni akiningoja kweli.

Kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi. Kila agizo la dawa lililotoka kwenye zahanati lilipigwa kwenye mashine yenye vibonye kama taipureta, ila badala ya wino ilitoboa matundu kwenye kadi ngumu. Kompyuta ilisoma matundu hayo. Kadi moja, agizo moja. Mwenzangu wa pili alipiga kadi ileile upya kwenye mashine ya kuhakiki, na tundu lisipolingana, mashine ilikwama. Mhakiki wangu alikuwa Halima wa Majengo, Pumwani. Alikuja kazini kwa miguu na buibui lake, akalikunja vizuri kitini, akapiga kadi siku nzima bila kuangalia vidole.

Baada ya miaka mitatu Meneja wa Kompyuta alitangaza mtihani kwa yeyote aliyetaka kuandika programu. Tulifanya watu tisa, mwanamke nikiwa mimi peke yangu. Nilipita. Makarani wawili walisema wazi kwamba nimebebwa, na kwamba wanangoja tu nianguke. Niliwasikia, na kila asubuhi nilifika kabla yao.

Niwaeleze vijana jinsi tulivyofanya kazi, maana leo mnajaribu kwanza ndipo mfikiri. Sisi mashine tuliipata mara moja kwa siku. Uliandika programu kwa penseli kwenye karatasi zenye vijisanduku, herufi moja kila kijisanduku. Ukazipeleka zikatobolewe. Kesho yake ndipo unaambiwa umesahau nukta mahali. Kwa hiyo tuliitembeza programu kwa kidole: unashika karatasi, unajifanya wewe ndiye mashine, unasoma mstari mmoja na kufanya kilichoandikwa hapo tu, si ulichokusudia. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Mpaka leo sijaona chombo kinachoshinda kidole na penseli.

Programu yangu kubwa ya kwanza ilipanga maagizo ya zahanati zote za Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya jiji, ikachapa orodha ndefu ambayo watu wa ghala waliifuata kupakia magari. Ilifanya kazi mwaka mzima bila lawama. Nilijivuna nayo. Jumapili baada ya kanisa baba aliwaambia wenzake wa reli kwamba bintiye ndiye anayeiambia kompyuta la kufanya.

Kisha akaja Sista Wanjiru. Alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo upande wa Kiamaiko, na aliingia mapokezi viatu vimejaa vumbi la soko la mbuzi. Alisema dawa zake hazikufika, na si mara ya kwanza. Meneja aliniita nimjibu.

"Huenda hukutuma agizo, sista," nikamwambia.

"Nilituma."

"Mashine haina jina lako wiki hiyo."

"Basi mashine yenu hainijui," alisema. Akatoa daftari la nakala za kaboni, kila agizo na tarehe yake. "Nina mtoto wa miaka sita ambaye hunywa dawa ya kifafa kila siku. Alikaa siku nne bila dawa. Akaangukia jiko la makaa. Mkono wake wote umeungua. Nimwambie mamaye nini? Kwamba mashine haina jina langu?"

Niligeuka kumtazama Meneja. Yeye alikuwa na jibu. Kadi zilizokwisha kutumika zilitupwa kila Ijumaa, kwa hiyo hakukuwa na ushahidi, ila alijua ni nani aliyetoboa kadi za Eastlands tangu mimi niondoke: Halima. Alimwita mbele yetu sote akamwambia amekuwa akiangusha kadi kwa uzembe.

"Wallahi sijaangusha kadi, bwana meneja," Halima alisema.

"Kaa nyumbani mpaka nikuite."

Alichukua buibui lake akatoka. Na mimi, nawaambia ukweli, nilihisi nafuu. Kosa lilikuwa limepata mtu, na mtu huyo si mimi.

Nafuu hiyo haikudumu hata siku mbili. Nilikuwa nimefanya kazi na Halima miaka mitatu, na sikuwahi kumwona akipoteza kadi. Nikaitembeza programu kwa kidole kutoka juu hadi chini. Sikuona kosa. Nikateremka ghalani, mahali ambapo sisi wa ofisi ya baridi hatukuwa tukifika, nikaomba kuona orodha za zamani. Msimamizi wa Ghala, mzee mmoja wa Machakos, alikuwa akinywa chai. Mandazi yake yalikuwa juu ya karatasi ya kompyuta. Karatasi ilikuwa na tarehe juu, na vichwa vya safu: zahanati, dawa, idadi. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Hii umeitoa wapi, mzee?"

"Hizo tupu? Huja mojamoja, nyuma ya orodha. Tunafungia mandazi."

Nilitafuta kwenye droo yake nikapata nyingine mbili. Tarehe zote tatu zilikuwa za wiki ambazo Sista Wanjiru alituonyesha daftarini kwamba hakupata dawa.

Nilikaa kwenye sanduku la dawa palepale, nikafungua karatasi za programu nilizokuja nazo, nikachukua penseli. Sasa nilijua pa kutazama. Ukurasa ukijaa, programu yangu ilifungua ukurasa mpya, ikachapa vichwa, kisha ikasoma kadi inayofuata kabla ya kuandika ile iliyokuwa inasubiri. Kadi nyingine ikiwepo, ziliandikwa zote mbili; kadi zikiwa zimekwisha, ilifunga kazi bila kurudi kuandika. Iliyokuwa inasubiri ikapotea. Kiamaiko ilikuwa ya mwisho kwenye orodha, na wiki ambazo ukurasa ulijaa sawasawa kabla yake, ilidondoka.

Nilipanda kwa Meneja na karatasi zile, zikiwa bado na mafuta ya mandazi. Alisoma, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi rekebisha, nyamaza. Nimekupendekeza uwe Mchambuzi wa Mifumo. Ukisema, wale makarani watakuchafulia jina."

"Na Halima?"

"Halima atapata kazi kwingine."

Nilitamani cheo kile, msidhani sikutamani. Lakini nilimfikiria yule mtoto wa Kiamaiko, nikamwona Halima akikunja buibui. Nikamwambia, "Bwana Meneja, programu ni yangu. Usipomwita Halima, nitakwenda kumweleza Mkurugenzi mwenyewe."

Halima alirudi Jumatatu. Nilisimama katikati ya chumba cha kadi nikasema kosa lilikuwa langu, mstari gani, na kwa nini. Wale makarani walicheka, na mmoja wao ndiye aliyepewa cheo nilichoahidiwa. Halima hakunishukuru wala hakunikumbatia. Alisema, "Ungeangalia mapema, Mumbua," kisha akaketi kutoboa. Alikuwa na haki. Jumamosi hiyo nilipeleka dawa Kiamaiko kwa mikono yangu na nikamwomba radhi mama wa mtoto. Alizipokea, akaingia ndani.

Cheo nilikipata miaka minne baadaye, na mwishoni mwa miaka ya themanini, mashine ndogo za mezani zilipoingia, nilistaafu mapema nikiwa Msimamizi wa Programu. Watu hudhani ninajivunia vyeo hivyo. Ninajivunia zaidi kwamba tangu siku ile hakuna mtu aliyekuja kulalamika kwetu akaambiwa amekosea kabla hatujateremka kutazama wenyewe. Tatizo halikai ndani ya mashine peke yake. Liko ghalani, liko kwenye zahanati, mahali mtu anapokaa akingoja kitu.

Mwaka wangu wa mwisho tuliajiri msichana wa mtaa wa Jericho, hodari kuliko nilivyokuwa. Siku aliyoanza nilimwambia, "Programu yako itakosea. Ikikosea, njoo kwangu kabla hujatafuta wa kulaumiwa."

Wiki ya tatu alibisha mlangoni, karatasi za programu mikononi.

"Madam, aliyekosea ni mimi."

Nikainuka, nikamvutia kiti, nikampa penseli.