Neno la Kijiji kwa Mwalimu Nyangi

Mwalimu Nyangi alikuwa na ule uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mimi Kezia nilifundisha naye katika kijiji cha Mbalibali miaka ile ya vijiji vya ujamaa, madarasa yetu yakitenganishwa na ukuta mmoja, na kila siku nilimsikia sauti ikimkauka kabla jua halijafika utosini. Asubuhi alikuwa na kundi la kwanza la watoto, mchana kundi la pili, maana watoto wote walitakiwa shuleni na walimu tulikuwa wachache. Jioni alikwenda ofisi ya kijiji kuwafundisha watu wazima kusoma, wengine wakisinzia, wengine wakibishana habari za malisho. Akitoka hapo, kuni na maji vinamngoja.

Nyumbani kwake kulikuwa kwa bibi Gati. Nieleze, maana si kila msomaji anatoka huku. Gati hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa mila ya Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa boma lake. Nyangi aliolewa hivyo. Watu wa mbali wakisikia hucheka, nami nawaacha wacheke. Ninachojua ni kwamba sijaona mume aliyemtunza mke kama bibi yule alivyomtunza Nyangi. Alimruhusu aende chuo cha ualimu, akabaki yeye na uzee wake kumlelea mtoto wake mchanga.

Basi, baada ya Azimio la Musoma, watu wazima walio kazini walifunguliwa mlango wa chuo kikuu. Ufanye mtihani, ufaulu, kisha watu unaoishi na kufanya nao kazi waseme kama unafaa. Nyangi aliufanya mtihani, akafaulu. Juu ya hilo, chuo kikuu kilikuwa na ushirikiano na chuo kimoja cha Ulaya, wakichunguza pamoja elimu ya watu wazima vijijini, na katika ushirikiano huo palikuwa na nafasi moja ya masomo kwa mwalimu wa huku kwetu. Moja tu. Wakaja kijijini mhadhiri wa kutoka Dar es Salaam, mpole, mtu wa kusini, na profesa mmoja mama wa Kizungu aliyezungumza Kiswahili cha taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Siku waliyofika tuliwapikia chai shuleni. Nyangi akamwuliza mhadhiri habari za maktaba.

"Mtu anakaa humo siku nzima anasoma tu?"

"Hata mpaka jioni. Ukitoka kuna semina, mnabishana juu ya mliyoyasoma."

"Na hakuna anayekuita ukachote maji?"

Mhadhiri alicheka. Nyangi hakucheka. Tulipokuwa tunaosha vikombe aliniambia, "Mwalimu Kezia, kumbe huko kusoma ndiyo kazi yenyewe." Uso wake ulilegea, nikamwona alivyokuwa kabla sisi sote hatujamchosha. Nilimwonea huruma, na wivu pia, kwa nini nifiche.

Kesho yake kikaitwa kikao cha kijiji. Mimi nilibaki na madarasa yote mawili, watoto wamebanana kama mahindi ghalani, kwa hiyo haya nayaeleza kama alivyonisimulia Nyangi mwenyewe na kama walivyonisimulia waliokuwapo. Mwenyekiti Nikolaus alisimama akamsifu Nyangi vizuri kabisa. Profesa akashukuru, halafu akasema kwamba utafiti wao umewafundisha jambo moja: viongozi humsifu kila mtu. Wao walitaka kumsikia mwananchi wa kawaida anayeishi na mwalimu huyu. Wasomi bwana! Njia ikinyooka wanaitilia shaka.

Akasimama Gati. Kiswahili alikuwa nacho cha kuokoteza, neno hapa, neno pale, na Nyangi ndiye aliyekuwa akitafsiri tangu asubuhi, kwa kuwa wageni hawakujua Kikurya. Hakuna aliyeona ubaya wa kumwacha aendelee.

Sasa, wazee wa pale hawakisifu kilicho chao mbele ya mgeni. Ng'ombe anayejaza kibuyu, mwenyewe atakwambia amekauka, anangoja kisu. Mtoto mzuri ataitwa takataka. Ukisifu umeliita jicho la husuda, na kitu kikipendwa sana ndipo kinaposemwa vibaya sana. Na Nyangi alikuwa anapelekwa mbali, kwa watu ambao macho yao hayajulikani. Alihitaji kinga kubwa.

"Huyu?" akasema Gati. "Huyu ni mvivu. Kuni zake mbichi kila siku. Huko shuleni anakwenda kulala. Ng'ombe wangu niliwatoa bure. Mkimchukua mtajuta wenyewe."

Nyangi akayatafsiri yote kwa Kiswahili safi, macho chini.

Kikao kizima kikaguna kwa kuridhika, maana waliona bibi anaifanya kazi yake barabara. Na kwa kuwa ni majirani wema, wakamsaidia. Mzee Werema, ambaye Nyangi alimfundisha mpaka akaweza kujisomea Biblia, alisimama akasema mwalimu huyu hajamfundisha hata herufi moja. Mama Christina akasema watoto wa kijiji wanaharibikia mikononi mwake. Kila mmoja aliyempenda alimwongezea tusi lake. Nyangi akatafsiri. Profesa alikuwa anaandika, na uso wake ukizidi kuanguka.

Mhadhiri aliinama akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu mwalimu, una hakika ndivyo wanavyosema?"

"Ndivyo wanavyosema," akajibu.

Aliponisimulia nilikasirika mpaka nikatupa chaki. "Kwa nini hukuwaeleza? Neno moja tu, kwamba hiyo ni desturi!"

"Ningewaambia nini, dada? Kwamba nikitafsiri mvivu waelewe hodari? Nijisifu mwenyewe kwa mdomo wa wazee?" Akaketi kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani. "Na mama Gati alikuwa ananitazama mdomoni. Neno mvivu analijua. Alikuwa anasikiliza kama nimelitoa sawasawa. Ningelibadilisha, angejua nimeivunja kinga yake mbele ya watu. Nilikuwa nimechoka, Kezia. Nikasema yaliyosemwa."

Niliiokota chaki yangu. Mpaka leo hasira ninayo.

Nafasi alipewa Simioni, mwalimu wa Nyakunguru. Mjomba wake aliwahi kufanya kazi Kisumu miaka mingi, akarudi na tabia za mjini, na inasemekana kwenye kikao cha kwao alimsifu mpwa wake mpaka mate yakamkauka. Sina neno na Simioni. Alikuwa mwalimu kama walimu wengine.

Habari ilitufikia kundi la asubuhi lilipokuwa linatoka. Nikamsindikiza Nyangi akamwambie bibi. Tulimkuta Gati amekaa mlangoni anachekecha unga wa ulezi, unga wa safari, na mfuko mmoja ameshaufunga kwa kamba. Shikamoo yangu aliiitikia kwa furaha. Nyangi akachutama, akamwambia kwa maneno machache kwamba nafasi amepewa mtu mwingine. Sababu hakuitaja.

Bibi aliendelea kuchekecha. Kisha akasema, kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, mikono bado imo ndani ya unga. Mimi ni Mnata, si Mkurya, Kikurya changu ni cha sokoni, nikaomba nielezwe. Nyangi akanitafsiria kwa sauti ileile ya kikaoni, bila kupunguza wala kuongeza.

"Anasema kosa ni lake. Siku ile moyo ulimzidi, maneno yakamwishia mapema, kwa hiyo wageni wakatambua kwamba ananipenda. Hakunisema vibaya vya kutosha. Anasema nisihuzunike. Wakija wengine, atanisema vibaya zaidi."

Nilifungua mdomo, Nyangi akanishika mkono akaubana. Akamgeukia bibi, akamwambia neno moja fupi, akampangusa unga uliokuwa shavuni, tukaondoka.

Njiani nilimwuliza alimjibu nini.

"Nimemshukuru," akasema, akaongeza mwendo, maana kundi la mchana lilikuwa limeshaanza kupiga kelele.