Siku Niliyofungua Boneti Kwenye Mazishi ya Wekesa

Habari hii huwa naisimulia nikiangalia chini, na mkicheka nitawaelewa, ila mimi mwenyewe mpaka leo sijaweza kuicheka.

Wekesa alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Yeye alikuwa wa Kanduyi, mimi wa Kitale, na kilichotuunganisha ni magari. Ndiye aliyeniuzia Toyota Levin yangu nyekundu, akaniambia, "Hii ni black top, bana." Kwa asiyejua, injini ya Levin hizo ilikuja kwa aina mbili: ya kwanza mfuniko wake wa juu una rangi ya fedha, tunaiita silver, na ya baadaye, ambayo ni kali zaidi, mfuniko wake ni mweusi. Miaka hiyo ya elfu mbili, ukiwa na black top Kitale ulikuwa unaegesha gari halafu unashuka polepole ili uonekane vizuri (mnanijua, nilikuwa naosha injini kuliko nilivyokuwa naoga).

Ugonjwa ukamchukua Wekesa ghafla. Mjane wake, Naliaka, akanipigia simu, sauti imemkauka, akaniomba niseme kwa niaba ya marafiki siku ya mazishi. "Kuna watu wanasema ati alikuwa anauzia watu magari mabovu," akasema. "Wewe ulinunua kwake. Uwaambie ukweli, shemeji." Nikamwahidi, na njia yote kutoka Kitale nilikuwa napanga maneno, machozi yakinilenga.

Nilifika Kanduyi nikaegesha kando ya ua, karibu na hema la mwisho. Mhubiri alikuwa anaendelea, zamu yangu bado, nikatoka kunyoosha miguu. Hapo ndipo nikamkuta Simiyu, binamu ya marehemu, mtu wa kujifanya anajua kila gari lililoshuka Mombasa, anaizunguka Levin yangu.

"Hii ndiyo ile black top Wekesa alikuwa anatuimbia? Wapi! Hii ni silver."

Ningenyamaza. Ningerudi kuketi kama mtu mwenye msiba. Lakini kiburi kikanipanda, nikasema ngoja nimfunge mdomo, dakika moja tu, nikafungua boneti. Simiyu akainama, akaonyesha kisanduku kwenye bomba la kuingiza hewa. "Unaona hii ya kupima hewa? Black top haina. Hii mfuniko imepakwa rangi." Kabla sijamshika mkono akakwaruza kwa ufunguo, na chini ya weusi fedha ikang'aa.

Bado nikabisha (mtu anayezama hushika hata mwiba), nikamwambia aingie awashe, asikie mlio mwenyewe. Akawasha, akakanyaga mafuta, ile injini ikanguruma mpaka turubai za hema zikatikisika, na mimi macho yangu yako pale palipokwaruzwa, nakumbuka vile nilivyojigamba kwa watu, hasira ikapanda, nikapaza sauti juu ya mngurumo: "Wekesa ni mwongo! Aliniuzia takataka!"

Ila Simiyu alikuwa ameona watu wakigeuka, akazima gari nikiwa katikati ya maneno. "Aliniuzia takataka" ilitoka peke yake, kwenye kimya cha maombi, ikafika mpaka kwenye jeneza.

Hakuna aliyenifokea. Mhubiri alisafisha koo akaendelea. Wazee wawili wa safu ya nyuma wakatazamana, wakatingisha vichwa kama watu waliothibitishiwa jambo walilokuwa wanalishuku. Ilipofika zamu ya marafiki, kipaza sauti kikapita mbele yangu kikaenda kwa jirani, nami nikabaki nimeshika kofia.

Baada ya kuzika nilimfuata Naliaka nikitafuta pa kuanzia. Hakunipa nafasi. Alisema kwa upole, na afadhali angenizaba kofi.

"Simiyu ameniambia ya hiyo rangi. Hiyo gari alinunua ikiwa hivyo, shemeji. Yeye pia aliambiwa ni black top. Kila ukienda zako, alikuwa ananiambia, 'Nimempea rafiki yangu kitu mzuri.' Amekufa akiamini hivyo. Wewe ndiye umekuja kumwambia leo, na hawezi kujitetea."

Akarudi ndani kwa wamama.

Niliendesha mpaka Kitale bila kuwasha redio, na hiyo injini, silver au nyeusi, ilivuta vizuri njia nzima kama kawaida yake. Nimeapa kutofungua tena boneti mbele ya watu kwa sababu ya ubishi, na mtu akiniuliza ni aina gani namwambia sijui. Msamaha nimemwomba Naliaka, akasema ameshasahau. Lakini yule niliyemtukana alikuwa hata hajafukiwa, na kwake sina njia ya kufika.