Mvua ya Siku Isiyoandikwa

Hildegarda alikuwa mwalimu wa hesabu Kilosa mjini. Kila Jumamosi alikwenda Msowero kwa baba yake, Mzee Donati, ambaye tangu ujana wake alipima mvua asubuhi na kuandika milimita kwenye madaftari. Hildegarda alikwisha kuyaingiza yote kwenye kompyuta, na sasa alikuwa akiandika programu ya kuyasoma, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java.

Mzee alipenda kuuliza. Macho yakiwa yameelekea huko milimani, angesema, "Nipe siku ambazo mvua ilizidi milimita hamsini." Hildegarda alikuwa na intafesi, kiolezo cha programu, aliyoiita Kichujio, yenye kazi moja tu: ipewe siku, ijibu ndiyo au siyo. Lakini kwa kila swali aliunda klasi mpya, kipande kizima cha programu cha kutimiza kiolezo hicho, akaipa jina na faili lake. Akimaliza, mzee ameshasinzia kitini.

Siku moja alimpigia Magreti, aliyesoma naye chuo Morogoro.

"Hilda, kazi yenyewe moja, klasi ya nini?" Magreti alicheka. "Tumia lambda, njia ya mkato. Andika siku, weka mshale, kisha sharti lako. Java itajua ni Kichujio, maana hakina kazi nyingine."

Akaandika: siku -> siku.mvua() > 50. Faili zima likawa mstari mmoja usio na jina.

Tangu hapo alasiri zao zilipita polepole, kama usingizi mwepesi. Baba anauliza, mstari unaandikwa, siku za zamani zinapanda kwenye kioo, mstari unafutwa. Machi iliyokauka. Siku aliyozaliwa Lucas, mdogo wake: manyunyu, milimita mbili.

"Na siku tuliyomzika mama yako?"

Vidole vilisita. Aliandika tarehe ndani ya lambda, akaendesha programu. Kioo kilibaki kitupu.

"Hakuna kitu, baba. Siku hiyo hukupima."

"Ilinyesha," mzee alisema. "Viatu vyako vilinasa kwenye matope, nikakubeba."

Hildegarda hakuikumbuka mvua. Alikumbuka koti la baba, zito na baridi shavuni mwake.

"Niandike ngapi?"

"Usiandike. Kipimamvua sikukimwaga mpaka kesho yake, maji ya siku ile yalibaki humo. Tafuta kesho yake."

Alibadilisha tarehe. Ikatokea siku moja tu: milimita thelathini na nane.

"Ndiyo hiyo," alisema Mzee Donati, akafumba macho.