Mstari wa Bido Uani kwa Komine

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Gitaza, shefu wa maji, yaani mkubwa wangu, alinipa ufunguo wa chuma mrefu kuliko mkono wangu, akaniambia nisiuazimishe hata kwa mke wangu. Sikuwa na mke. Nilikuwa kijana mwembamba niliyetoka kumsaidia mama kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, asubuhi hiyohiyo, na harufu yao nilikuwa nayo bado. Shefu alinusa, akacheka.

"Hamisi, wewe utakuwa fonteniye muzuri. Hakuna mutu atakusogelea akuibie ufunguo."

Fonteniye ndiye fundi wa maji wa komine, yaani halmashauri yetu. Ninyi mnaofungua robine ndani ya nyumba kwa vidole viwili mnadhani maji hutoka ukutani. Maji ya ufukwe wetu hutoka mlimani, kwenye chemchemi iliyojengewa saruji ili ng'ombe wasiikanyage. Hapo panaitwa kaptaji. Kutoka kaptaji yanateremka kwa bomba mpaka kwenye tangi, na kutoka tangi yanateremka tena mpaka kwenye robine za mtaa, ambako watu wanachota. Hakuna mashine hata moja, ni mteremko tu. Kazi yangu ilikuwa kuufuata mteremko huo kwa miguu, kuziba panapovuja, kuondoa mchanga, na kufungua na kufunga vani. Vani ni koki kubwa iliyo ndani ya shimo la zege lenye mfuniko. Ukiizungusha kwa ule ufunguo mpaka mwisho, mtaa mzima unakauka. Mara ya kwanza nilipoizungusha peke yangu nilijiona mtu mkubwa sana, na niliporudi nyumbani mama alinituma kukata kuni.

Gitaza nilijifunza mabomba. Magara, kituo changu cha pili, nilijifunza watu, maana kila asubuhi wavuvi walipotoka ziwani walitaka kuoshea nyavu kwenye robine ya kunywa, na mimi ndiye niliyepaswa kuwazuia. Huwezi kumzuia mvuvi aliyekesha bila kupata kitu kwa kumwambia habari za kanuni. Nilijifunza kuuliza kwanza habari za samaki.

Kituo cha tatu ndicho ninachotaka kuwasimulia. Ulikuwa mji mdogo wa ufukweni, na jina lake naliacha, kwa kuwa waliokuwepo wanalijua na wasiokuwepo halitawasaidia. Mji ulikuwa na mitaa miwili. Kilimani walikaa watu wa ofisi na wenye nyumba za wageni, na ofisi ya komine ilikuwa huko. Mchangani, chini kabisa, walikaa wavuvi, waanika ndagala, na familia zilizorudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Nilipanga nyumba Mchangani, nikaoa hapohapo.

Bomba kutoka tangini liligawanyika mara mbili ndani ya shimo moja, hapohapo chini ya tangi, na kila mtaa ulikuwa na vani yake. Wakati wa mvua vani zote mbili zilikaa wazi na hakuna aliyegombana. Wakati wa kiangazi maji yalipungua, na hapo ndipo ilipo shida ya mteremko: ukiziacha zote wazi, maji hukimbilia chini na Kilimani hawapati kitu. Lazima mtaa mmoja ufungiwe ili mwingine upate. Shefu wangu wa huko, mtu mpole mwenye masharubu aliyeijua kazi kuliko wote niliowafanyia, alikuwa na amri kutoka kwa administrateri, mkuu wa komine, kwamba wa kufungiwa ni Mchangani. Tulifungua vani yao pale tu Kilimani walipokwisha kujaza mapipa yao na kumwagilia maua. Siku nyingine hata hapo hatukufungua.

Kwa hiyo Mchangani walikunywa maji ya ziwa. Mke wangu alikuwa na neno lake la kunipokelea jioni: "Karibu, bwana fonteniye. Chai yako iko na ladha ya mutumbwi." Nilicheka mpaka siku kipindupindu kilipoingia mtaani.

Jirani yetu Mama Zaituni, mwanika ndagala, alimbeba mjukuu wake mgongoni mpaka hospitali. Mtoto alipona, lakini alirudi amekonda hivi kwamba bibi yake aliogopa kumwosha. Mama Zaituni alipanda kwa komine kuomba maji. Administrateri alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akamjibu neno ambalo Mchangani hawajalisahau: "Mama, ziwa yote iko mulangoni kwenu. Munalia maji gani?"

Jioni ile watu walijaa uani kwake. Vijana walitaka kwenda na sururu kuivunja vani ya Kilimani, na macho yao yalinitazama mimi, kana kwamba nitawaonyesha shimo. Mama Zaituni ndiye aliyesema.

"Tukivunja, wataita sisi wezi. Mutoto wangu atakunywa jina hilo?"

Hapo akasimama Mwalimu Yeremia, mmoja wa wale waliorudi kutoka Tanzania, mtu wa Kiswahili kilichonyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Alitusimulia juu ya watu weusi wa Marekani ambao sheria iliwaita raia, lakini mgahawani hawakuuziwa hata kikombe cha chai. Vijana wao walivaa vizuri, wakaingia, wakaketi, wakaagiza kwa adabu. Hawakuhudumiwa, na kesho yake wakarudi. Walimwagiwa vitu kichwani na hawakurudisha mkono. "Hawakuomba hisani," alisema Mwalimu. "Walidai kile ambacho tayari kilikuwa chao, na waliofanya ubaya wakaonekana na kila mtu."

"Na chai, walipata?" aliuliza Mama Zaituni.

"Walipata, mama. Ilichukua muda, lakini walipata."

"Basi. Uani kwa komine iko robine. Sisi tunajua kupanga mustari."

Nieleze kidogo habari za mstari. Kwetu maji huchotwa kwa bido, lile dumu la njano. Unaiweka bido yako nyuma ya ya mwisho, na hiyo ndiyo nafasi yako hata ukienda kupika. Ukijaza moja unarudi nyuma. Mjamzito na mwenye mgonjwa nyumbani hupitishwa mbele. Zaidi ya hao hakuna anayepita, si imamu, si padri, si mke wa fonteniye. Sheria hiyo haikuandikwa na mtu, lakini ukiivunja Mchangani utaisikia mpaka ndani ya ndoto.

Asubuhi walipanda Kilimani wamevaa kama watu wa Idi na Krismasi waliochanganyika njiani. Polisi wa langoni aliwauliza wanaenda wapi.

"Kuchota maji, afande."

"Hapa ni kwa komine."

"Ndiyo, ni kwetu," alijibu Mama Zaituni, akamtakia amani. "Amahoro."

Polisi alitafuta kosa, hakuliona, akasogea. Bido zikapangwa kutoka kwenye robine, zikapita mbele ya ofisi, zikatoka langoni, zikateremka na barabara. Hakuna aliyepiga kelele. Walisalimiana na makarani kwa majina na kuwaulizia watoto wao.

Administrateri alipofika alikuta gari lake halina pa kupita. Alishuka. "Nani mukubwa wenu?"

"Ni huyu wa mbele," walijibu.

Wa mbele alikuwa mzee mmoja mvuvi. Administrateri akaanza kumsemesha kwa ukali, na mzee akawa anaitikia "ndiyo, baba, ndiyo," mpaka bido yake ikajaa. Akavua kofia, akashukuru, "murakoze," akaenda zake nyuma ya mstari. Sasa wa mbele alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Administrateri akaanza upya, na yeye naye akajaza, akashukuru, akaondoka. Wa tatu alikuwa Mwalimu Yeremia, ambaye kwa bahati mbaya ya administrateri alikuwa na bido ndogo sana. Makarani waliziba midomo yao dirishani. Nilikuwa nimesimama penye ukuta na sanduku langu la vifaa, na sijapata kuwapenda majirani zangu kama asubuhi ile.

Hasira zilimpanda. Alimwita shefu wangu na kumwamuru afunge maji ya ile robine mara moja, hata kama Kilimani yote itakauka, ili watu hao waende makwao.

Tuliondoka na shefu kwa miguu mpaka kwenye shimo. Niliinua mfuniko, nikaifunga vani ya Kilimani kama tulivyoagizwa. Vani ya Mchangani ilikuwa imefungwa tangu juma lililopita. Tulisimama pale, na baada ya muda tukasikia tangi limejaa na maji yanamwagika bondeni.

"Unasikia, Hamisi?"

"Ninasikia, shefu."

"Maji ya kunywa inaenda kwa vyura." Alipangusa masharubu. "Aliniambia nifunge Kilimani. Hakuniambia nimwage. Fungua Mchangani."

Nilimuuliza kama ameifikiria kazi yake, na yangu pia, maana nilikuwa na mke na mtoto njiani.

"Wakikuuliza, sema ni mimi. Wakiniuliza mimi, nitasema hivyohivyo."

Niliizungusha. Nimefungua vani nyingi maishani, lakini ile niliifungua mchana kweupe huku nikicheka kwa furaha, na sioni haya kusema hivyo.

Uani kwa komine robine ilikohoa, ikakauka. Administrateri aliamini amewashinda. Watu waliinua bido zao kimya na kuteremka nyumbani, na walipofika Mchangani walikuta robine yao inatoa maji kwa nguvu. Wakaziweka bido chini na kupanga mstari uleule, kila mtu nyuma ya yule aliyekuwa mbele yake Kilimani.

Mchana wakaanza kuja wa Kilimani. Wapishi kwanza, kisha wenye nyumba za wageni, na baada yao mke wa administrateri, na bido mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya duka. Nilimwona kijana mmoja anataka kumrudisha. Mama Zaituni alimtazama tu, na kijana akakaa chini.

"Karibu, mama," alimwambia mgeni. "Weka yako pale mwisho. Nitaiangalia."

Mke wa administrateri alisimama juani kati ya waanika ndagala. Nilikuwa karibu, nikaangalia kifungio cha robine ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Munasimamaka hivi kila siku?" alimuuliza Mama Zaituni.

"Kila siku ile maji iko. Siku ingine tunaenda ku ziwa."

"Na watoto?"

Mama Zaituni alimwita mjukuu wake, akamsimamisha mbele ya mgeni akiwa amekonda vile alivyokonda. Yule mama alimshika mtoto shavu, na zamu yake ilipofika alimpisha mjamzito aliyekuwa nyuma yake, bila kuambiwa na mtu.

Alichomwambia mumewe nyumbani sikijui, na ningetoa mengi kukijua. Ninachojua ni kwamba kesho yake administrateri aliteremka Mchangani kwa miguu. Hakuomba radhi, wakubwa wa wakati ule hawakuwa na mazoea hayo. Aliuliza wanataka nini. Mwalimu Yeremia alimjibu kwamba maji ya komine ni ya wakazi wote wa komine, na ndivyo yeye mwenyewe anavyosema kila sikukuu. Wanataka yawe hivyo na siku za kazi. Yakakubaliwa mbele ya watu: wakati wa kiangazi, siku moja Kilimani, siku moja Mchangani. Vani igeuzwe asubuhi, hadharani, na mtu mmoja wa kila mtaa asimame pale. Na zamu hiyo isibadilishwe bila watu wenyewe kuulizwa.

Asubuhi iliyofuata Mama Zaituni alikuja shimoni kuwa shahidi wa Mchangani, na yule mke wa administrateri akaja kwa Kilimani. Mimi ndiye niliyegeuza. Kipindupindu hakikurudi mtaani kwetu kiangazi kile. Shefu wangu hakufukuzwa. Alipewa mkono hadharani na administrateri aliyetaka kumfukuza, na alijua kuutikisa.

Nilibaki katika kituo hicho mpaka kustaafu. Siku ya kuniaga walinipa soda, mishikaki, na hotuba iliyonisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya. Vijana huniuliza tulikuwa na nguvu gani. Hatukuwa na nguvu ya kumtisha mtu. Tulikuwa na haki iliyokwisha kutajwa na kila mkubwa, na tulichofanya ni kuichukulia kuwa ya kweli, sote siku moja, bila kutukana. Msiione ndogo. Wengi wanakufa wakidhani maneno mazuri ya sikukuu yalikuwa ya majirani, si yao.

Na ili msiseme mzee anasifia tu siku zake, nawapa la mwaka huu. Fonteniye wa sasa ni binti wa Mchangani, Aline, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo hapa kwetu, na anaziba bomba vizuri kuliko nilivyoziba mimi. Administrateri mpya alimwagiza aifunge Mchangani juma zima kwa sababu Kilimani kuna wageni. Aline alimjibu kwa adabu, "Siwezi, bwana administrateri. Lazima wenyewe waulizwe." Nilipopata habari nilivaa viatu na kuchukua bido, tayari kupanda. Sikufika mbali. Nilimkuta administrateri anateremka, peke yake, na vumbi mpaka magotini.

Niligeuka naye mpaka kwenye robine, watu wakiwa mstarini, akaeleza habari za wageni wake. Mwanamke mmoja alimuuliza kama Kilimani nao watapunguza kumwagilia maua. Alisema watapunguza. Mwingine akasema juma zima haiwezekani, labda siku mbili. Akakubali hizo mbili. Kisha akauliza kama tumeridhia, na mikono ikaanza kuinuka mmojammoja, na wangu ukiwemo.

Maisha yangu yote ya kazi nilisikia wakubwa wakiagiza maji. Asubuhi ile nilimwona mmoja akiyaomba, mkono kifuani, amesimama akingoja tumjibu.